Kamba ya Manjano

Alianza kishingo.
Jumatano asubuhi, ukungu wa Julai bado umelala juu ya Pasua,
nilimkuta amesimama chini ya mgomba,
macho nusu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.
Nikasema ni baridi.
Nikasema kuku naye ana siku zake.
Nikampa maji ya shubiri, dawa ya mama na ya mama yake mama,
ambayo sijawahi kuiona ikiponya kitu.

Alhamisi alisinzia mdomo ukiwa ardhini,
akidonoa pasipo na punje.
Labda ndiyo maana wakauita mdondo.

Ijumaa akapita mnunuzi wa baiskeli,
tenga nyuma, kofia ya sufi, sauti ya haraka.
"Mama Anaeli, kuku wapo?"
Nilikuwa na ankara ya maji mfukoni.
Nikamfunga kishingo miguu kwa kamba ya manjano
niliyoichana kwenye kiroba cha mbolea,
nikamwinua kifua mbele, aonekane ana nguvu.
"Elfu kumi na mbili."
Akatoa kumi. Nikapokea.
Wakashika njia ya reli, yeye na tenga lake,
kuelekea Kiboriloni, nadhani.
Sikuuliza.

Jumapili, kabla ya kengele ya kwanza,
kidimu alikuwa amekauka mlangoni mwa banda.
Jumatatu, watatu.
Kinyesi cha kijani kama mchicha uliopondwa,
shingo zimesokotwa, zinatazama mgongoni
kana kwamba kuna mtu nyuma anawaita.
Jogoo wangu wa kuchi,
aliyemfukuza hata mbwa wa mzee Kirenga,
alijaribu kuwika.
Ikatoka pumzi tu, mvukuto uliotoboka.

Kundaeli akaja na chupa yake ya chai
ambayo ndani haina chai, ina barafu na chanjo.
Hakuingia. Alihesabu kwa kidole, nje ya uzio.
"Aprili ulisema kuku wako wazima, hawahitaji."
Nilisema hivyo.
"Tone moja jichoni, mama. Shilingi mia mbili."
Mia mbili mara kumi na nne: nilinunua vocha,
nikaongea na dada yangu wa Tanga, habari za harusi.
"Sasa hawa hawana dawa. Chanjo ni ya wazima.
Choma, fukia, mwaga chokaa.
Usimpe mtu. Usiuze."
Aliposema usiuze
nikainama kufunga kiatu
ambacho hakina kamba.

Nilichimba mwenyewe, nyuma ya choo.
Udongo wetu mweusi, unang'ang'ania jembe
kama mtoto asiyetaka kuachwa.
Kufika Alhamisi walikuwa kumi na watatu.
Niliwapanga kwa rangi, sijui kwa nini.

Usiku sikuwalilia hao.
Wamesema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Basi yupo uani kwa mtu, kwa mama mwingine,
watoto wamemzunguka, wameshampa jina,
anasinzia katikati ya vifaranga vyao,
na kamba ya mguuni
niliifunga mimi.

Jumamosi nikaoga, nikavaa viatu vya kanisani,
vile visivyokanyaga banda,
nikaenda soko la Kiboriloni kuuliza.
Wanunuzi wa baiskeli ni wengi.
Na mwezi wa saba, hapa chini ya mlima,
kofia ya sufi ni ya kila mtu.

Ile elfu kumi nilimpa Kundaeli.
"Piga mtaa mzima."
"Ya nini? Wewe huna kuku."
"Piga tu."

Nikawa mshikaji wake.
Kwa Mama Haika nilikumbatia tetea mwenye kisunzu,
moyo wake ukinigonga kiganjani, mbio, mbio,
tone likaning'inia, likashuka, akapepesa jicho.
"Mungu akubariki, mama Anaeli," akasema Mama Haika,
"na wewe uko kwenye msiba wako."
Nilifungua kinywa.
Nikasema amina,
nikainama, nikamfungua kamba.